Glavu ya mdakaji kutoka mitumba ya Darajani, na mizani ya kuwapimia wadakaji wakubwa

Glavu hii niliikuta Darajani, ndani ya rundo la mabegi na viatu vya mitumba, imebanwa baina ya kiatu cha mpira cha mguu mmoja na mkoba wa skuli uliochanika. Muuzaji hakuijua. Alinieleza kwamba ni glavu ya golikipa ambayo mwenziwe imepotea. Mzee aliyekuwa ameketi kwenye kibao pembeni akasema ni ya kriketi. Na mama mmoja aliyekuwa akichagua mashuka akaumaliza ubishi kwa kusema kuwa ni kitu cha kuepulia chungu. Bei ilianzia shilingi 60,000, tukamalizana kwa 35,000, nami nikaondoka haraka kabla hajatokea mtu wa kumwambia kuwa ameuza glavu ya mdakaji wa besiboli, iliyotengenezwa kwa ngozi, ambayo mpya yake hapa kwetu haipatikani dukani hata ukiwa na fedha mkononi.

Nimeitumia, au kwa usahihi zaidi vijana ninaowafundisha wameitumia, kwa miezi minane. Muda huo unatosha kutoa hukumu ya haki juu ya kifaa chochote cha ngozi katika hewa ya Unguja, kwa sababu ndani yake imo masika nzima. Na katika muda huo huo glavu imenibadilishia mawazo juu ya swali ambalo wapenzi wa mchezo huu hawachoki kulibishania, yaani ni nani mdakaji mkubwa kuliko wote waliowahi kucheza. Kwa miaka mingi nililijibu swali hilo kwa kuangalia hesabu za upigaji peke yake, nikiwa mbele ya simu saa nane za usiku, wakati mechi za Marekani zinapoanza kwa saa zetu. Mtu akishaivaa glavu hii na kuupokea mpira mmoja tu uliorushwa kwa nguvu, huona kwamba kipimo hicho ni nusu ya mizani.

Kwa wasioijua, glavu ya mdakaji haina vidole vilivyoachana kama glavu za wachezaji wengine. Ni mto mmoja wa ngozi, wa mviringo, wenye sehemu ya dole gumba upande mmoja na vidole vinne vilivyofunikwa pamoja upande mwengine, na baina yao kuna kikapu cha kamba za ngozi ambamo mpira hukaa. Hii yetu imepigwa chapa ya namba 33, maana yake ni inchi 33 za mzunguko, ambacho ni kipimo cha mtu mzima. Kanuni za ligi kuu za Marekani haziruhusu zaidi ya inchi 38. Kikomo hicho kina kisa chake. Mwaka 1960 Paul Richards, kocha wa Baltimore Orioles, aliwatengenezea wadakaji wake glavu kubwa kama sinia ili waweze kuidaka mipira ya Hoyt Wilhelm, mrushaji ambaye mpira wake ulikuwa ukiyumba angani kama kipepeo, na baadaye wenye mchezo wakaona bora waweke mpaka. Jina la kampuni iliyoitengeneza glavu yetu limekwisha futika, kwa hiyo sina wa kumsifu wala wa kumlaumu.

Kazi yenyewe ni hii. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji, yaani mpinzani anayeusubiri mpira na gongo, na mrushaji wa timu yake aliyesimama umbali wa mita 18.44 humrushia mpira mgumu wenye uzito wa takriban gramu 145, ambao katika ligi kuu huweza kupita kasi ya kilomita 150 kwa saa. Kwetu haufiki hata nusu ya kasi hiyo, lakini kabla ya kuipata glavu hii mdakaji wetu, kijana wa miaka kumi na mitano mwenye subira kuliko wenzake wote, alikuwa akitumia glavu ya kawaida ya vidole, na kila Jumapili jioni alirudi nyumbani na kiganja kilichovimba. Kifuani tulimfungia kipande cha godoro. Wamarekani wenyewe huviita vifaa vya mdakaji "zana za ujinga", mzaha ambao mara nyingi hunasibishwa na Muddy Ruel, mdakaji aliyekuwa pia mwanasheria, kwa maana kwamba mtu mwenye akili timamu asingekubali kazi inayohitaji kuvaa vitu hivyo. Vikinga vya miguu vilianza kuonekana katika ligi kuu mwaka 1907, Roger Bresnahan alipojitokeza navyo uwanjani mjini New York, na watazamaji hawakumwacha salama kwa kejeli. Sisi bado hatunavyo.

Kwa upande wa kinga, basi, glavu hii inastahili sifa zote. Tangu siku ya kwanza kiganja cha kijana hakijavimba tena. Tumbo la glavu, yaani pale mpira unapopigia, ni ngozi halisi nzito iliyojazwa vizuri, na mlio wake mpira unapoingia sawasawa ni mkavu na wa kupendeza, kiasi kwamba watoto wa mtaa wa karibu huja kusimama pembeni ya kiwanja kwa ajili ya kuusikiliza tu. Mlio huo si pambo. Mrushaji akiusikia hupata moyo, na nimeona kwa macho yangu kijana aliyekuwa akirusha kwa woga akianza kurusha kwa nguvu zake zote kwa sababu kule mwisho kuna kitu kinachomwitikia.

Jambo lililonishughulisha zaidi ni bawaba. Kati ya dole gumba na vidole, glavu hii ina mkunjo unaoiruhusu kujifunga juu ya mpira kama mlango, kwa mkono mmoja. Glavu za zamani hazikuwa hivyo: zilikuwa mito ya duara iliyonyooka, yenye kishimo katikati, na mpira ulipogonga pale ulitaka kuruka nje, kwa hiyo mdakaji alilazimika kuuwahi kwa mkono wa pili uliokuwa mtupu. Ndiyo maana vidole vya mkono wa kulia vya wadakaji wa zamani vilikuwa vimepinda kama mizizi ya mkoko. Mipira iliyopanguswa na gongo la mpigaji iliwavunja kidole baada ya kidole, nao waliendelea kucheza. Katika miaka ya 1960 Randy Hundley wa Chicago Cubs alianza kutumia glavu yenye bawaba na kudaka kwa mkono mmoja, kisha Johnny Bench wa Cincinnati Reds akaifanya njia hiyo kuwa sheria isiyoandikwa, akiuficha mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo hadi mpira uwe umeshatua. Kila mdakaji anayeonekana leo, na kijana wetu miongoni mwao, anacheza kwa mtindo huo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kumlinganisha mdakaji wa 1930 na wa 1975 bila ya kutaja glavu ni kama kulinganisha wavuvi wawili kwa uzito wa samaki peke yake, bila ya kuuliza nani alivua kwa mshipi na nani alivua kwa jarife. Mickey Cochrane, aliyekuwa na wastani wa upigaji wa .320 (mapigo 320 yenye mafanikio katika kila mara 1,000 za kupiga) na tuzo za mchezaji bora za 1928 na 1934, na Bill Dickey wa New York Yankees mwenye wastani wa .313, walizipata hesabu hizo wakiwa na vidole vilivyokwisha pondwa. Sisemi kwamba hilo linawapandisha juu ya Bench. Nasema kwamba anayewapanga wadakaji katika safu moja bila ya kulizingatia hilo anajidanganya kwa namba.

Bench, hata hivyo, ndiye ninayemweka mbele, na glavu hii imenizidishia hoja badala ya kunipunguzia. Katika misimu yake 17, kuanzia 1967 hadi 1983, yote akiwa na Cincinnati, alipiga homu rani 389, yaani mapigo yanayouvusha mpira nje ya uwanja na kumwacha mpigaji azizunguke besi zote, vituo vinne vya uwanja, bila ya kuzuiwa. Alikuwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1970, alipopiga homu rani 45 na kuingiza alama 148 akiwa na umri wa miaka 22, na akairudia tuzo hiyo mwaka 1972. Alishinda Glavu ya Dhahabu, tuzo ya ulinzi, mara 10 mfululizo, kuanzia 1968 hadi 1977. Wako waliopiga kuliko yeye na wako waliodaka muda mrefu kuliko yeye. Sijamwona mwengine aliyekuwa bora wa zama zake kwa gongo na kwa glavu kwa wakati mmoja, kisha juu ya hayo akawabadilishia wenziwe wote namna ya kuifanya kazi. Kile kipimo cha kisasa kinachokadiria ni mechi ngapi za ushindi mchezaji ameiongezea timu yake kuliko ambavyo angeongeza mchezaji wa kawaida wa akiba kinampa Bench takriban 75; Gary Carter anafuata kwa takriban 70, kisha Ivan Rodriguez na Carlton Fisk wakiwa karibu na 68. Nimezitaja namba hizo kwa sababu kila mbishi huziuliza, lakini mimi nisingezifanya msahafu.

Ubishi mkubwa wa upande wa pili ni Yogi Berra, na anayemtetea hana haja ya kupandisha sauti. Alicheza Fainali ya Dunia, yaani mfululizo wa mechi za kuamua bingwa wa ligi kuu ya Marekani, mara 14 akiwa na Yankees na akashinda 10, idadi ambayo hakuna mchezaji mwengine aliyeifikia. Alikuwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1951, 1954 na 1955. Mwaka 1950 aliingia kupiga karibu mara 600, akapiga homu rani 28, na katika mara zote hizo alitolewa kwa straiki tatu, yaani kuukosa au kuuacha mpira halali mara tatu, mara 12 tu, jambo ambalo mpigaji wa leo huenda akalifikisha ndani ya wiki moja. Kinachonigusa mimi, kama mtu ninayefundisha vijana, ni kwamba Berra hakuzaliwa mdakaji mzuri. Mwaka 1949 Yankees walimrudisha Dickey kama mwalimu, akakaa na kijana yule mfupi mnene na kumfundisha miguu, mikono na namna ya kumsoma mpigaji. Klabu ilikuja kuistaafisha jezi namba 8 kwa heshima ya wote wawili, mwalimu na mwanafunzi. Mnamo tarehe 8 Oktoba 1956 Berra ndiye aliyekuwa akidaka wakati mrushaji Don Larsen aliporusha mechi kamili, yaani wapigaji 27 wakaingia na 27 wakatoka bila hata mmoja kugusa besi, mechi pekee ya namna hiyo katika Fainali ya Dunia. Picha ya Berra akimrukia Larsen na kumkumbatia nimeibandika ndani ya kifuniko cha sanduku letu la vifaa. Nikimweka wa pili, naona haya kidogo.

Baada ya hao wawili safu inakuwa ngumu, na ugumu wenyewe hautokani na ustadi wao, unatokana na dhulma. Josh Gibson alizuiwa na rangi ya ngozi yake asicheze katika ligi kuu, akacheza katika Ligi za Weusi akiwa na Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords, akafariki tarehe 20 Januari 1947 akiwa na umri wa miaka 35, miezi mitatu kabla ya mweusi mwenzake Jackie Robinson kuuvunja ukuta huo. Mwezi Mei 2024 ligi kuu iliziingiza rasmi takwimu za Ligi za Weusi katika kumbukumbu zake, na Gibson akatokea juu kabisa kwa wastani wa .372, akimpita Ty Cobb aliyekuwa akiongoza kwa .367. Wako wanaolalamika kuwa hesabu hizo zinatokana na mechi kama 600 tu. Ni kweli kwamba ni chache, lakini uchache huo si kosa lake. Ningemweka wapi? Nikiulizwa barazani nitasema kwamba huenda yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Nikiandika, kama hivi sasa, nalazimika kusema kwamba ushahidi wa glavu yake ni mdogo kuliko ushahidi wa gongo lake, na kwamba siwezi kumpa wala kumnyima kiti cha kwanza kwa kitu ambacho watu hawakutaka kukiandika.

Roy Campanella naye alianzia katika ligi hizo hizo akiwa mtoto wa miaka 15, akaingia timu ya Brooklyn Dodgers mwaka 1948, na katika misimu 10 akawa mchezaji bora wa ligi mara tatu: 1951, 1953 na 1955. Katika waliojaribu kumwibia besi, yaani wakimbiaji waliochomoka kuiwahi besi inayofuata wakati mpira ukirushwa kwa mpigaji, aliwanasa takriban asilimia 57, kiwango kisichofikiwa na mdakaji mwengine yeyote mkubwa. Ajali ya gari ya Januari 1958 ilimwacha amepooza. Ukiijumlisha miaka aliyonyimwa mwanzoni na ile aliyonyang'anywa mwishoni, unabaki na msitari mfupi katika vitabu, na wapimaji wanaopenda jumla kubwa humpita bila ya kusimama.

Asilimia hizo za kuwanasa wezi wa besi zinanirudisha kwenye glavu, na safari hii kwa lawama. Mpinzani anapokimbia kuiba besi ya pili, mdakaji anatakiwa kuudaka mpira, kuutoa ndani ya glavu, kusimama na kuurusha umbali wa karibu mita 39, na katika ligi kuu yote hayo, tangu mpira ugonge glavu hadi ufike besi ya pili, humalizika kwa takriban sekunde 2. Glavu yetu ina mfuko wenye kina kirefu mno. Aliyeimiliki zamani bila shaka alipenda mpira uzame na usitoke, jambo ambalo ni zuri kwa anayejifunza kudaka lakini ni baya kwa anayejifunza kurusha, kwani kijana wetu huingiza mkono na kuutafuta mpira kama mtu anayetafuta sarafu chini ya mfuko wa suruali. Nimepima kwa saa ya simu: hajawahi kushuka chini ya sekunde 3. Sehemu ya kosa ni umri wake, lakini sehemu kubwa ni kina hicho.

Aliyeufanya utoaji huo wa mpira uonekane kuwa mwepesi ni Ivan Rodriguez, mtoto wa Puerto Rico aliyeingia ligi kuu mwaka 1991 akiwa na miaka 19. Alishinda Glavu ya Dhahabu mara 13, zaidi ya mdakaji mwengine yeyote, akadaka mechi 2,427, ambazo pia ni nyingi kuliko za mdakaji mwengine yeyote, na aliwanasa takriban asilimia 46 ya waliothubutu kumwibia. Idadi ya walioacha hata kujaribu haimo katika asilimia hiyo. Upande wa pili kabisa wa mizani yuko Mike Piazza, aliyesajiliwa mwaka 1988 katika raundi ya 62 ya zamu za vilabu kuchagua vijana, wakati ambapo vilabu huwa vinaokota makombo, naye akaishia kupiga homu rani 427, kati yake 396 akiwa mdakaji. Kwenye unasaji wa wezi Piazza alipata asilimia 23 tu. Miaka mitano iliyopita ningemweka Piazza juu ya Rodriguez bila ya kufikiri mara mbili. Leo, baada ya kushinda alasiri nzima nikiwaangalia vijana wa timu pinzani wakiiba besi ya pili mbele yetu kana kwamba wanakwenda dukani, nimewabadilisha nafasi.

Kuna kazi nyengine ya glavu ambayo haionekani kabisa kwa mtazamaji. Mpira unapopita kwenye mpaka wa eneo la straiki, yaani eneo la mbele ya mpigaji ambamo mpira huhesabiwa halali, mdakaji mwenye mkono mtulivu huupokea bila ya kuyumba, na mwamuzi huamini kuwa ulikuwa halali. Mwenye mkono mzito huufuata nje, na mwamuzi humnyima. Vipimo vya kamera vilivyoenea katika viwanja vyote vya ligi kuu kufikia takriban 2008 vilionyesha kwamba utulivu huo una thamani ya alama nyingi kwa msimu, na ndio uliowapa watu lugha ya kumsifia Yadier Molina, aliyedumu na St. Louis Cardinals kuanzia 2004 hadi 2022, akashinda Glavu za Dhahabu 9 na Fainali za Dunia za 2006 na 2011. Kwa Bench, Berra au Campanella hakuna kamera iliyowahi kuipima kazi hiyo. Na huenda thamani yake ikapungua, kwa kuwa ligi kuu iliidhinisha utaratibu wa kuanzia msimu wa 2026 ambao mrushaji, mdakaji au mpigaji anaweza kuukatia rufaa uamuzi wa mwamuzi, na mashine ikahukumu. Katika kazi hii ya utulivu glavu yetu inafanya vizuri kupita nilivyotarajia: ni nyepesi kwa ukubwa wake, na haimvuti kijana mkono chini.

Wengine nitawapitia kwa haraka. Fisk alidaka mechi 2,226 na kupiga homu rani 376, na goti la mtu aliyechuchumaa mara zote hizo linastahili sala ya peke yake. Buster Posey ana tuzo ya mchezaji bora ya 2012 na vikombe vitatu akiwa na San Francisco Giants, na kuvunjika kwake mguu mwaka 2011, baada ya kugongwa na mkimbiaji, kulichangia kanuni ya 2014 inayozuia migongano hiyo. Nasi tumeichukua kanuni hiyo kama ilivyo, kwa sababu mama za vijana wetu wangefunga kiwanja siku ya kwanza. Joe Mauer alikuwa bingwa wa wastani wa upigaji mara tatu, lakini aliacha kudaka na kuhamia kulinda besi ya kwanza mapema mno kwa ladha yangu. Na mwaka 2025 Cal Raleigh wa Seattle Mariners alipiga homu rani 60, wakati rekodi ya msimu kwa mdakaji ilikuwa 48 za Salvador Perez za mwaka 2021. Msimu mmoja haumfanyi mtu kuwa Bench, ingawa nitakiri kwamba kwa mwezi mzima wa Septemba sikulala inavyopasa.

Nirejee kwenye kasoro za kifaa chenyewe, kwa kuwa ziko na mnunuzi anapaswa kuzijua. Kwanza, mgongo wa glavu si ngozi. Ni plastiki iliyopakwa rangi ya ngozi, na baada ya mwezi wa tatu ilianza kubanduka vipande vipande. Pili, kamba za kikapu zilikuwa zimekauka, na mbili zilikatika katika wiki ya pili. Kwa haraka nilizifunga kwa mshipi wa kuvulia, nikajuta, kwa sababu mshipi ni mwembamba na ulianza kuikata ngozi. Fundi viatu aliniambia, "Sheikh, ngozi hufungwa kwa ngozi," akachana mkanda mkuukuu wa suruali, akatoa kamba mbili safi, na akanitoza shilingi 4,000. Kazi yake ingalipo mpaka leo. Tatu, na hili ni kosa langu mwenyewe, niliipaka mafuta ya nazi ili kuilainisha. Ililainika, ndiyo, lakini ikawa nzito, ikanuka, na asubuhi moja nikaikuta imejaa sisimizi. Nilichukua siku nyingi kuyafuta mafuta hayo kwa kitambaa kikavu, na tangu hapo natumia kiasi kidogo tu cha mafuta maalumu ya ngozi, mara moja kwa miezi miwili.

Masika yalikuja na ukungu mweupe ndani ya tundu la vidole. Dawa yake ilikuwa kuitundika penye upepo, kivulini wala si juani, huku mpira ukiwa umewekwa ndani na glavu kufungwa kwa kipande cha kanga ili umbo lisipotee. Anayeishi karibu na bahari aongeze uangalifu, kwani chumvi ya hewani huifanya ngozi iwe ngumu kama kaukau.

Kwa bei ya shilingi 35,000, pamoja na 4,000 za fundi, naipa glavu hii alama nane katika kumi kwa anayeanza kudaka, na tano kwa anayetaka kuwanasa wezi wa besi. Isinunuliwe na mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili, kwa kuwa mkono wake utaogelea ndani. Kabla ya kutoa fedha ivaliwe, ikunjwe mara kumi, na kamba zote zivutwe moja moja. Ikiwa bawaba haijikunji au imekwisha legea hata haisimami, irudishwe kwenye rundo, hata kama bei ni ya kutupa.

Wiki iliyopita muuzaji yule yule alinipigia simu kunijulisha kwamba amepata nyengine. Safari hii analijua jina lake, na bei imefika 70,000. Nilimuuliza huvaliwa mkono gani, akaijaribu, akasema wa kulia, maana yake imetengenezwa kwa mtu arushaye kwa mkono wa kushoto, na mdakaji wa namna hiyo ni kitu adimu: katika historia yote ya ligi kuu ni Jack Clements pekee, wa karne ya 19, aliyedaka zaidi ya mechi 1,000 akirusha kwa kushoto. Lakini ninaye msichana mmoja wa miaka kumi na mitatu, mkono wa kushoto, asiyeogopa mpira. Nimemwambia muuzaji aniwekee hadi Jumamosi, na kwamba 70,000 sitoi.